Kisiki Ambacho Benedita Hakukigusa

Kila asubuhi, shule iwe wazi au imefungwa, Benedita alipanda kilima nyuma ya nyumba akiwa na ndoo ya maji na vipande vya mkate wa mahindi. Juu kabisa, mwisho wa shamba la mizeituni, ndipo lilipokuwa banda la Farrusca, punda wa bibi yake. Farrusca alikuwa mzee, mkaidi na mwizi wa mikate mifukoni. Benedita alimpenda kuliko alivyowapenda baadhi ya watu, wala hakulificha hilo.

Agosti ile moto ulitokea upande wa mikalitusi ukala kilima kwa siku tatu. Wanakijiji walipohamishwa kwa basi, hakuna aliyepata nafasi ya kwenda kumfungua punda. Waliporudi, nyumba zote zilikuwa zimesimama. Kilima kilikuwa cheusi, na banda la juu halikuonekana.

Siku ya tano vikosi vya zimamoto vya kutoka mbali vilianza kuruhusiwa kurudi makwao. Kamanda Abílio, mkuu wa wazimamoto wa kujitolea, alikaa kwenye ngazi za kanisa na daftari lake. Mipira ya maji ilirudishwa, redio zikakaguliwa, na kila dereva akaulizwa kama amelala. Tena kamanda hakuruhusu kikosi chochote kabla mwenye shamba hajapita kwenye visiki vyake na kuvigusa kwa mgongo wa kiganja, kuhakikisha havina joto. Mwenye shamba ndiye anayejua kisiki gani kina mizizi mirefu.

Bibi Deolinda alikuwa na magoti mabovu. "Nenda wewe, mjukuu wangu," alisema. "Ugusie chini, usiangalie kwa macho tu. Moto wa mizizi hautoi moshi mpaka upende wenyewe."

Benedita alipanda akigusa kisiki kimoja kimoja. Majivu yalikuwa baridi. Alipofika katikati, upepo ulimletea harufu kutoka juu, akajua ni harufu ya nini. Hakupanda zaidi. Alikaa juu ya jiwe akalia, kisha akajifuta uso na kuteremka.

"Umefika mpaka juu?" aliuliza Kamanda Abílio.

"Nimefika."

"Kile kisiki cha msonobari karibu na banda?"

"Baridi."

"Safi sana. Ungekuwa na miaka kumi na minane ningekuvalisha kofia ya zimamoto leo hii." Aliandika daftarini, akapaza sauti: "Noémia! Kikosi chako kimeruhusiwa!"

Kikosi cha mwisho kilipiga makofi bila nguvu. Noémia, kiongozi wao, alikuwa na macho mekundu na sauti iliyokauka. Bibi Deolinda aliwagawia mkate na dagaa wa kuchoma.

"Siku tano sijamwona mwanangu," Noémia alimwambia Benedita huku akikunja mpira wa maji. "Atanikimbia akidhani ni mkaa unaotembea."

Benedita alijaribu kucheka akashindwa. Saa nane mchana upepo ulianza kusukuma majivu barabarani. Pembeni ya shamba la bibi, kule juu, mahali penye mawe ambapo moto ulipita bila kugusa, palikuwa na mizinga ya nyuki kumi na miwili ya jirani yao, Mzee Horácio. Ndiyo mali pekee iliyombakia mzee yule. Gari la Noémia lilipowashwa, Benedita alitazama mizinga ile. Alikimbia akasimama mbele ya gari.

"Ondoka barabarani, wewe!" dereva alifoka.

"Sijafika juu!" Benedita alipiga kelele. "Nilidanganya. Kisiki cha bandani sijakigusa."

Kijana mmoja nyuma ya gari alitukana kwa sauti ya chini. Noémia alifumba macho, akayafumbua, akashuka.

"Shusheni pampu," alisema.

Walipofika nusu ya kilima, moshi ulikuwa tayari umeinuka. Mzizi wa msonobari ulikuwa umefukuta chini kwa chini hadi kwenye nyasi kavu za Mzee Horácio. Walichimba kwa sululu, wakamwaga maji, wakachimba tena. Moto ulizimwa kabla haujashuka kwenye nyumba. Lakini mizinga saba iliteketea, na Mzee Horácio alisimama ameshika kofia yake mkononi, akitazama majivu yake. Benedita alitamani mzee amtukane.

Kamanda Abílio alimkuta Benedita mbele ya mabaki ya banda. Mwili wa Farrusca ulikuwa pale, chini ya mabati.

"Niliogopa kumwona," Benedita alisema, akalia kwa sauti.

"Hilo ungeniambia ningepanda mwenyewe. Kuogopa si kosa, mwanangu. Hata mimi naogopa." Kamanda alichuchumaa. "Lakini watu hawa walikuwa wanaondoka kwa neno lako. Mchovu hupenda kuamini kwamba kazi imekwisha, kwa hiyo anayemwambia imekwisha lazima awe amehakikisha. Ukweli wako umeokoa nyumba. Ungekuja saa moja mapema, ungeokoa na nyuki. Kesho utakwenda kwa Mzee Horácio, utamwomba radhi, na utamsaidia kutengeneza mizinga mipya hadi yote saba itimie."

"Nitakwenda."

"Sasa kamilisha kazi."

Benedita alipiga magoti kwenye matope meusi. Aligusa kisiki kwa mgongo wa kiganja, akafuata mzizi pale ulipochimbwa, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mawe. Alirudi akaugusa mara ya pili. Jua lilikuwa linaelekea kutua, na Noémia alikuwa amekaa juu ya pampu akimtazama bila kumharakisha.

"Baridi," Benedita alisema. "Wote. Nimeugusa wote."

Kamanda alifungua daftari, akaandika upya. Noémia alipompita Benedita alimwekea mkono kichwani, mzito na wenye masizi, kisha akateremka kwenda kwa mwanawe.