Insha ya Ng'washi

Asubuhi pale Magamba huanza na kengele za ng'ombe, kisha ya shule. Mwalimu Ponsian alifundisha Kiswahili darasa la sita. Alikuwa kijana mchapakazi, na madaftari aliyasahihisha kama mtu anayepalilia mahindi: kila alichokitilia shaka alikikata. Aliamini anawasaidia watoto. Masikini, hakuna aliyewahi kumwambia vingine.

Siku moja aliwapa insha, "Siku Nisiyoisahau". Ng'washi, binti wa mfugaji Machibya, alijaza kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu: jina la baba, jina la babu, ukoo, habari za mvua, habari za mifugo. Ponsian aliukata wote kwa kalamu nyekundu. Chini akaandika, "Porojo! Rudia."

Kesho yake Ng'washi hakuja shule. Keshokutwa pia hakuja.

"Anachunga ng'ombe," wenzake walisema. "Amesema kuandika hakuwezi, anaacha shule."

Maneno hayo yalimchoma Ponsian. Alilichukua daftari la Ng'washi, lililobaki darasani, akampelekea Mwalimu Pudensiana, mwalimu wa taaluma.

"Madam, nimeharibu," alisema.

Pudensiana alisoma, akatabasamu. "Twende kwao."

Machibya aliwapokea kwa furaha, akawapa vigoda. "Mwangaluka!" aliwasalimu kwa Kisukuma. "Karibuni, walimu." Kisha maswali yakaanza. Ponsian ni mtoto wa nani? Babu yake anaitwa nani? Kwao mvua zikoje? Mifugo haijambo? Ponsian alijibu, akajibu tena, huku akijiuliza wataingia lini kwenye jambo lililowaleta. Ghafla akaduwaa. Ule ukurasa wa kwanza wa insha ulikuwa umekaa mbele yake kwenye kigoda, unamsalimia!

"Umeona, eh?" Pudensiana alimnong'oneza. "Mtoto alikusalimia kwa heshima zote za kwao. Wewe ukaziita porojo."

Ponsian aliona aibu. "Sasa nisisahihishe?"

"Sahihisha. Ila anza na kile alichokiweza, na ukitaje chenyewe. Usiandike 'vizuri' tu. Halafu mwoneshe jambo moja la kurekebisha, siyo yote kwa mpigo. Muulize swali, kisha mpe nafasi aandike upya."

Ng'washi aliitwa. Alikuja ameinamisha kichwa.

"Nisamehe, Ng'washi," Ponsian alisema. Machibya alishtuka. Mwalimu kumwomba mtoto msamaha, hilo hakuwahi kuliona. "Hapa umeandika: 'Ng'ombe alizama kwenye tope, akawa ananiangalia mimi tu.' Niliposoma hapo, nilimwona yule ng'ombe. Ila sikujua ikawaje. Alipona?"

Ng'washi aliinua macho. "Alipona, mwalimu. Alikuwa na mimba. Tulimvuta na kamba, mimi na mama, mpaka jua likazama. Mama alikuwa analia. Mimi nikawa namwimbia ng'ombe ili asiogope."

"Mbona hayo hukuyaandika?"

"Nilichoka kwenye salamu."

Wote walicheka, hata Ng'washi mwenyewe.

"Salamu zako ni nzuri, ziweke kwenye barua," Ponsian alisema. "Kwenye insha, nipeleke moja kwa moja kwenye tope. Rekebisha hilo tu. Mengine tutayaangalia baadaye."

Machibya alimgeukia binti yake. "Basi kesho ng'ombe nitawachunga mwenyewe," alisema. "Wewe nenda kaandike."

Insha mpya ilianzia kwenye tope. Ponsian aliisoma, akaweka kalamu chini, akaisoma tena. Kisha akaandika: "Hapo ulipomwimbia ng'ombe pamenigusa sana. Ulimwimbia maneno gani?" Ng'washi akaandika tena, na maneno ya wimbo akayaweka.

Tangu hapo Ponsian alisahihisha madaftari yote kwa namna hiyo. Kazi iliongezeka, kwa sababu darasa ni kubwa, lakini watoto waliokuwa wakiandika mistari michache sasa walijaza ukurasa. Walikimbilia madaftari yao kuona mwalimu ameuliza nini.

Muhula ulipokaribia kwisha, Ng'washi alimfuata ofisini akaweka daftari mezani. Ndani mlikuwa na insha ambayo hakuna mtu aliyemwagiza aiandike.

"Mwalimu," alisema, "niulize."