Hodi Kutoka Ndani ya Mbao

Mwenye nyumba aliwafungulia mlango, akawapungia mkono waingie, akarudi ndani bila kutamka neno. Mtu anauza nyumba halafu hata kukaribisha wageni hajui! Mnunuzi alimtazama kaka yake, akabana kicheko.

"Labda karibu yake anaiuza kando," alinong'ona.

Kaka yake alikuwa mkaguzi wa mchwa. Watu humwita kabla hawajanunua nyumba, naye huja na tochi na bisibisi, akagonga kila ubao kwa mpini na kusikiliza. Ubao mzima hujibu kwa sauti nzito. Ulioliwa ndani hulia kama kopo tupu, hata kama rangi yake inang'aa. Kwa kazi hiyo wakambandika jina la Masikio, na ukiyatazama yenyewe, hawakumwonea. Lakini siku hiyo hakuja kwa mteja. Alikuja kwa ajili ya huyu mnunuzi, mdogo wake wa tumbo moja, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Hawakuwa na mwingine duniani. Binti alishachoka kufukuzwa na wenye nyumba, na hii alikuwa ameipenda kupita kiasi.

"Ikiwa mbovu, kaka, usinirushie tu," alisema, akishika futi na kuelekea jikoni kupima madirisha. "Niandae kwanza."

Masikio aligonga fremu ya mlango wa sebule, ikalia kama kopo. Akagonga boriti, nazo vilevile. Ila hakuona njia ya udongo ukutani, wala mbawa pembeni, wala unga wa mbao sakafuni. Mchwa ni wachafu, hawali wakafagia. Kilichokuwepo ni harufu tu, ya udongo mbichi uliofukuliwa, nayo ilizidi alipofika chumba cha mwisho.

Akagonga fremu ya chumba kile. Fremu ikamgongea na yenyewe, kutoka ndani.

Alidhani ni dada yake anamtania upande wa pili, akagonga tena. Ikajibu tena. Kisha, kutoka katikati ya ubao usiozidi upana wa kiganja, sauti ya upole ikasema, "Hodi."

Mdomo wake ulishaanza kufunguka, maana nani anapigiwa hodi akanyamaza? Mkono mkavu ukaufunika. Alikuwa mwenye nyumba.

"Usiitikie, mwanangu, nakuomba," mzee alinong'ona. "Ukilisema lile neno, umempa ruhusa. Sisi tuliacha kabisa kukaribisha watu, tusije tukajisahau. Halafu siku moja mke wangu alikuwa anakunja nguo, mawazo yako mbali..."

Akausukuma mlango. Mama mmoja alikaa kitini, nywele zimechanwa vizuri, anatabasamu. Masikio akamwamkia, hakuitikia. Mzee akamwinua mkewe kwa mkono mmoja, kama kikapu kisicho na kitu, akamgonga begani kwa kidole. Masikio aliujua ule mlio. Alitamani asingeujua.

"Ngozi anaiacha," mzee alisema, machozi yakimtoka. "Nilitaka niuze nimtoroshe. Ningesema, nani angenunua?"

Masikio aligeuka mbio kwenda jikoni, na ndani ya ukuta kitu kikakimbia naye bega kwa bega, kikikwaruza mbao kwa ndani, fremu hadi fremu, na harufu ya udongo ikamkaba koo asiweze kupiga kelele, na korido ileile aliyoipita kwa hatua chache ikawa haiishi, na mbele yake akaisikia hodi ile ya upole ikitoka kwenye kabati la jikoni, na mdogo wake, futi mkononi, akaitikia kwa furaha ya mtu aliyekwisha kujiona mwenye nyumba:

"Karibu! Karibu ndani!"

Nyumba ikanyamaza. Masikio akaegemea fremu ya mlango wa jikoni, na kiganja chake kilipoipiga, ikajibu kwa sauti nzito ya ubao mzima.

"Kaka, vipi? Ni nani aliyebisha?" dada yake aliuliza.

Alimshika mkono akamtoa nje, naye akalalamika njia nzima kwamba anaharibiwa bahati yake. Nyumba hawakuinunua. Ila kila Masikio alipokwenda kumsalimia, aliona nyayo za dada yake hazisikiki tena sakafuni. Mganga aliyeitwa alimshika binti kiganja, akakirudisha taratibu mapajani pake, akaomba radhi, akaondoka bila hata kunywa maji. Tangu hapo mdogo wake alikuwa wa kukaa tu, anatabasamu.

Alasiri moja Masikio alikuwa peke yake nyumbani, anapiga pasi shati, harufu ya udongo mbichi ilipoingia. Fremu ya mlango wake, aliyoikagua mwenyewe na kuipitisha, ikagongwa kutoka ndani.

"Hodi, kaka."

Ilikuwa sauti ya mdogo wake. Akauma midomo. Akaziba masikio yake makubwa kwa viganja vyote viwili, na bado akasikia.

"Kaka, mbona hukuniandaa? Huku kuna giza."

Alilia mpaka pasi ikaunguza shati. Alijua fika anachoombwa, na alijua atakachopoteza. Lakini yule alikuwa mtoto wake wa kumlea, na hajawahi kumwacha nje.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani, mdogo wangu."