Mkalimani wa Kompyuta Kuukuu

Kila siku saa ya mapumziko, wenzangu wanapokimbilia uwanjani, mimi hukimbilia chumba cha kompyuta. Shule yetu iko Tuwan, mjini Kitale, na chumba hicho ndicho mahali pekee ninapoweza kugusa kompyuta. Nyumbani hatuna, na majirani pia hawana. Kwa hiyo nafungua dirisha, napangusa vumbi, nawasha mashine moja na kula kiazi changu huku ikinguruma. Inachukua muda mrefu kuwaka. Mama pia huchukua muda mrefu kuamka Jumamosi, na hakuna aliyewahi kusema atupwe.

Siku moja ya muhula wa tatu niliwakuta watu wawili mlangoni: Mwalimu Chepkosgei, anayetufundisha kompyuta, na Mzee Kiplangat, mwenyekiti wa wazazi. Mzee alikuwa akipima kuta kwa macho.

"Magunia yataenea vizuri," alisema. "Mahindi ya chakula cha watoto yananyeshewa huko nje. Hii mikebe tuuzie watu wa vyuma chakavu."

"Si mikebe, Mzee," nilisema kabla sijafikiri. "Ni kompyuta."

Alinigeukia. "Wewe ni wa nani?"

"Naitwa Phelista. Wa Wilkista."

"Wilkista wa kanisani? Basi sikiza, msichana. Hizi ni za zamani sana. Nionyeshe kitu kimoja cha siku hizi zinaweza kufanya."

"Gemu mpya," nilijibu. "Gemu ndiyo kazi nzito kuliko zote. Kompyuta ikiweza gemu, itaweza na masomo."

Mwalimu alinikanyaga kiatu polepole. Mzee alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Sawa! Ijumaa ijayo wazazi wanakutana. Ukicheza gemu mpya hapa mbele yetu, chumba ni chenu. Ukishindwa, ni cha mahindi."

Nilishinda nimekasirika siku hiyo nzima. Sikatai kwamba chakula ni muhimu; hata mimi hula hayo mahindi. Lakini kwa nini kila mtu mzima anayetafuta nafasi huanza kwa kuchukua kitu cha watoto?

Jumamosi nilienda na Mama kwa shangazi, Bungoma. Binamu yangu Khaemba ana laptopu yake mwenyewe, na hachoki kukukumbusha.

"Niaje, Phelista. Bado mnatumia zile za enzi ya babu?"

Nilimeza hasira nikamwomba gemu. Alikuwa na moja iliyotoka mwaka huu, inayogawiwa bure, ya mbio za milimani. Unachagua mkimbiaji, unapanda mlima, unaruka magogo na vijito. Aliniwekea kwenye flashi, kisha akaongeza kitu kingine.

"Nimejirekodi nikicheza. Hiyo mashine ikikataa, fungua hii video, ubonyezebonyeze vitufe ujifanye unacheza. Hao wazee wa Tuwan watajuaje, bana?"

Ningemfokea, ila shangazi alikuwa karibu. Lakini flashi niliichukua, video ikiwa ndani.

Jumatatu gemu ilikataa kabisa kufunguka. Yalitokea maandishi tu, kwamba prosesa hii haina amri zinazohitajika.

"Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta," Mwalimu Chepkosgei alinieleza. "Yetu ilitengenezwa kabla baadhi ya amri hazijabuniwa. Gemu inaiamuru kwa maneno ambayo haikufundishwa."

"Kama mhubiri mgeni na Kiingereza chake kanisani kwetu?"

"Hivyo hivyo. Na mhubiri mgeni mnamfanyaje?"

"Mama anamtafsiria."

Mwalimu alitabasamu. Alisema ziko programu za kazi hiyo hiyo. Programu hukaa katikati kama mkalimani, huchukua kila amri mpya na kuigeuza kuwa amri kadhaa za zamani ambazo prosesa inazielewa. Tatizo nalo ni lile lile la kanisani. Mhubiri akitafsiriwa, ibada hurefuka mpaka maharagwe yanaungua nyumbani.

Tuliiweka programu hiyo. Gemu ikafunguka! Nilipiga kelele hadi darasa jirani likaja kuchungulia. Kisha mkimbiaji akainua mguu mmoja na kubaki nao hewani, kama mtu anayejiuliza ikiwa kweli anataka kukimbia.

Tulipambana kila mchana. Tulifungua mashine na kupuliza vumbi kwenye feni ili isishike joto. Kwenye gemu tulizima vivuli, nyasi na mawingu. Tulipunguza picha hadi mlima ukafanana na rundo la maboksi ya kijani, maana kila tulichoondoa kiliipunguzia prosesa mzigo. Kufikia Alhamisi mkimbiaji alikimbia. Alikimbia polepole, kwa kushtukashtuka, lakini alikimbia.

Ijumaa wazazi walijaa chumbani, wengine wakachungulia madirishani. Mama alisimama nyuma. Nilianzisha gemu. Mkimbiaji aliondoka vizuri, akapanda, akafika kwenye gogo la kwanza, akakwama.

"Huyo amekula ugali mwingi!" mzazi mmoja alisema, na wote wakaangua kicheko. Mzee Kiplangat alikunja mikono kifuani.

Video ya Khaemba ilikuwa mle mle ndani ya mashine. Ningeifungua, mlima ungeng'aa, mkimbiaji angeruka bila shida, na chumba kingekuwa chetu. Nilitaka kuifungua, tena nilitaka sana.

Kisha nikakumbuka lile neno: watajuaje. Mama yangu alikuwa mmoja wa hao wasioweza kujua. Hasira ikanipanda upya. Watu wa Tuwan si wajinga, na mimi sikutoka jasho wiki nzima ili nije kuonyesha jasho la mtu mwingine.

Nikawageukia. "Humu ndani kuna video ya gemu hii. Ilirekodiwa Bungoma, kwa laptopu mpya. Inapendeza kuliko hii, lakini sitaiweka. Hii yetu inachelewa, na mtaingoja. Mzee, njoo ukae hapa, ubonyeze mwenyewe."

"Phelista!" Mama alisema kwa mshtuko.

Mzee alikuja taratibu, akaketi, akabonyeza kitufe cha kuruka kwa kidole kimoja, kama anayepima kama pasi imepata moto. Hakuna kilichotokea. Akaondoa kidole. Ndipo mkimbiaji akaruka gogo.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee akabonyeza kushoto. Tukangoja. Mkimbiaji akaenda kushoto. Akabonyeza kulia, tukangoja tena, naye akaenda kulia.

"Inanisikia," Mzee alisema kwa sauti ndogo. "Inachelewa, lakini inanisikia."

"Video haingekusikia, Mzee," nilisema.

Aliwageukia watu, mkono wake ukiwa bado kwenye vitufe. "Mmemsikia mtoto wa Wilkista? Angetuwekea hiyo video, leo tungempigia makofi. Kesho mjukuu wangu angekuja hapa, abonyeze, asijibiwe, na mimi ningerudi na magunia yangu nikijua watoto hawa ni waongo. Wangepoteza chumba na jina pia. Watoto, kazi yenu ikiwa ndogo au ya polepole, ionyesheni vile ilivyo. Kazi ya kweli unaweza kusimama mbele ya watu wote ukaitetea. Ya uongo utaificha maisha yako yote. Mahindi yataenda kwa stoo yangu."

Kisha akanitazama. "Na wewe, siku nyingine ukiniambia nikae, sema tafadhali."

"Tafadhali, Mzee," nilisema, na uso ukaniwaka moto.

Mwalimu alianza kuufunga mkutano, lakini Mzee hakuinuka. Alikuwa ameona kijito mbele. Mama alipenya katikati ya wazazi, akasimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni.

"Sogea, Mzee," alisema. "Na mimi nibonyeze."