Bahasha Zisizo na Nne

Mzee Poon Wing-kei alikuwa mchapaji wa bahasha za plastiki. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja, mkabala na nyumba yao, ghorofa ya saba, mtaa wa San Po Kong, Hong Kong. Mlikuwa na mashine mbili, meza ndefu na harufu ya wino. Yeye alichapa. Mkewe, Sau-lan, alizipanga bahasha na kuziunganisha pamoja kama daftari.

Zilikuwa bahasha za benki. Mwenye duka hutia humo pesa taslimu na hundi za siku. Huifunga, kisha mbebaji huipeleka benki. Mdomo wa bahasha ya Mzee Poon ulikuwa na gundi kali. Ukiubandua, neno IMEFUNGULIWA linatokea kwa wekundu, wala halifutiki tena.

Kila bahasha ilikuwa na namba yake, na hapo Mzee Poon alikuwa na mtindo wake. Kwa lugha yetu ya Kikantoni, neno la nne na neno la kifo hutamkwa karibu sawa. Basi mashine ilipofika tatu, Mzee Poon aliisimamisha. Alisukuma kigurudumu cha namba kwa ncha ya bisibisi, kikaruka hadi tano. Ilipofika thelathini na tisa, aliirusha hadi hamsini.

"Nani anataka kulaza pesa zake kwenye kifo?" aliwauliza wateja.

Wateja walicheka na kuagiza zaidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasema wazi, sifa hizo ndizo zilizomponza.

Mteja wake mmoja alikuwa Bwana Mok, mwenye duka la mikate mtaa wa pili. Keshia wa duka hilo alikuwa Yuk-ting, binti wa pekee wa Mzee Poon. Kila asubuhi Ting alihesabu mauzo ya jana. Alitia bahashani pesa, hundi za mikahawa iliyonunua mikate, na fomu ya benki. Aliifunga bahasha na kuigonga muhuri wa duka. Saa tano alikuja mbebaji aitwaye Lo. Ting alimpa bahasha, kisha akaenda jikoni kumletea kikombe cha chai. Lo alimngoja pale pale, karibu na droo ya bahasha tupu na muhuri.

Jumanne moja mchana, benki ilimpigia simu Bwana Mok. Fomu ilisema dola elfu thelathini na moja. Ndani mlikuwa na elfu ishirini na tano. Hundi zilikuwa zote. Bahasha ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo.

Jioni Bwana Mok alipanda hadi karakana. Hakukaa.

"Mzee Poon, tumejuana miaka mingi," alisema. "Bahasha hii umeitengeneza wewe. Je, inaweza kufunguliwa na isijulikane?"

"Haiwezekani," Mzee Poon akajibu haraka. "Hata mchawi hawezi."

"Basi pesa hazikutolewa njiani. Hazikuingia kabisa. Na aliyezitia ni binti yako."

Sau-lan aliangusha bahasha alizoshika. Ting alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amefukuzwa kazi mchana ule, mbele ya wanunuzi.

"Sitaki kwenda polisi," Bwana Mok akaendelea. "Mnirudishie elfu sita kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Ikipita saa hiyo, msinilaumu."

Alipoondoka, Ting alimwangalia baba yake.

"Baba, niliweka zote. Nilihesabu mara mbili."

Mzee Poon alipangusa mashine ambayo haikuwa na vumbi.

"Bahasha ilikuwa nzima, Ting."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui nikwambie nini. Bahasha yangu haisemi uongo."

"Ila mimi ndiye ninayesema?"

Mzee Poon hakumjibu. Kunyamaza huko kulimuumiza Ting kuliko maneno ya Bwana Mok. Siku mbili alikula peke yake.

Mtaani watu walianza kunong'ona. Muuza samaki alimwambia muuza mboga, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Sau-lan alisikia akiwa na kapu mkononi. Alirudi nyumbani bila samaki.

Ijumaa asubuhi alifungua sanduku lake. Alitoa bangili mbili za dhahabu alizovishwa siku ya harusi, akazifunga kwenye kitambaa.

"Mama, unakwenda wapi?" Ting akauliza.

"Kwa sonara. Tunalipa, yanakwisha."

"Hayaishi, Mama! Mkilipa, mmesema nimeiba. Nani ataniajiri tena? Nani atanipa hata ufunguo wa stoo nimtunzie?"

"Na ukifungwa je? Dhahabu nitaipeleka wapi mimi?"

Sau-lan alitoka huku akilia. Ndani ya lifti alimkuta jirani yao, Bi. Szeto. Mama huyu alikuwa amestaafu benki. Kwa miaka ishirini na minane kazi yake ilikuwa kupokea bahasha za maduka na kuzifungua.

"Shoga, kulikoni?" Bi. Szeto akauliza. "Macho yote mekundu!"

Sau-lan alimweleza yote. Bi. Szeto hakushuka lifti ilipofika chini. Alibonyeza kitufe cha saba.

"Kwanza rudisha dhahabu sandukuni," alisema. "Mumeo yuko? Mimi leo nina neno naye."

Bi. Szeto hakutaka chai. Alitaka bahasha moja. Aliigeuza, akavuta kingo zake, akatazama mdomo.

"Kazi safi," alisema. "Sasa nijibu, fundi. Mtu akiifungua bahasha hii, utajua?"

"Nitajua. Maneno yatatokea."

"Vizuri. Na mtu akiibadilisha, utajua?"

"Aibadilishe vipi?"

"Anaichana hii katikati. Anatoa anachotaka. Kilichobaki anakitia kwenye bahasha nyingine mpya kama hii, anaifunga, anagonga muhuri. Bahasha itafika benki nzima kabisa. Utajua?"

Mzee Poon aliitazama bahasha. Kisha akasema, "Namba itakuwa tofauti."

"Na nani anaijua namba ya kwanza? Iko wapi nyingine, mbali na bahasha yenyewe?"

"Hakuna," Ting akajibu kutoka pembeni. "Kwenye kitabu cha duka huandikwa kiasi tu. Namba hatuandiki."

"Lakini bahasha zinafuatana," Mzee Poon akasema. "Ikipotea moja katikati, itaonekana."

Bi. Szeto alimtazama kwa huruma.

"Fundi, nisamehe, nitakwambia bila kuficha. Bahasha zako tulizipokea kaunta miaka tisa. Siku za kwanza, namba iliporuka, nilipiga simu dukani. Kila mara niliambiwa, 'Ni zile za Poon, hazina nne.' Mwishowe nikaacha kupiga. Wenzangu nao wakaacha. Namba zinazoruka kila siku hazimshtui mtu. Mwizi angeomba nini zaidi?"

Mzee Poon alikaa juu ya boksi la plastiki.

"Bahasha ya benki haina kazi ya kumzuia mwizi," Bi. Szeto akasema, sasa kwa upole. "Plastiki hukatwa na wembe, hata mtoto anajua. Kazi yake ni kusema ukweli. Ikiguswa, iseme. Ikibadilishwa, iseme. Ikipotea, iseme. Yako inasema neno moja tu, halafu inanyamaza. Na ikinyamaza, anayebeba lawama ni aliye chini kabisa."

Mzee Poon aliinuka. Alichukua daftari lake la kuchapia na kutafuta ukurasa wa duka la Bwana Mok. Pakiti ya mwisho ilianza namba 6101 na kuishia 6199. Namba zote zenye nne hazikuwamo.

"Ting," aliita. "Bahasha huitoa wapi kwenye pakiti? Juu au chini?"

"Juu, Baba. Zimeunganishwa. Huchana ya juu kila siku."

"Vaa viatu. Twende."

Bi. Szeto naye alifuatana nao, na Bwana Mok aliwapokea ofisini, nyuma ya duka. Uso wake ulikuwa mgumu. Bahasha ya Jumanne ilikuwa mezani. Benki ilikuwa imemrudishia kama ushahidi.

"Mmeleta pesa?"

"Nimeleta swali," Mzee Poon akajibu. "Nisomee namba ya bahasha hiyo."

Bwana Mok aliinama. "6199."

"Na hii ya Jumatatu, je? Una karatasi ya benki?"

Bwana Mok alipekua. "6138. Jumatano ni 6150."

"Jumatatu 6138. Jumatano 6150. Jumanne katikati yao, 6199, bahasha ya mwisho kabisa ya pakiti. Hukuona ajabu?"

Bwana Mok alikasirika. "Ningeonaje? Namba zako zinaruka kama panzi! Tangu lini zimefuatana?"

Mzee Poon aliinamisha kichwa. Kwa fundi wa umri wake, yaliyofuata yalikuwa mazito kuyatamka. Lakini mficha uchi hazai.

"Ni kweli," alisema. "Kosa ni langu. Niliziondoa nne ili niwafurahishe wateja, nikaiharibu kazi. Lakini mimi najua nilichochapa. Baada ya 6138 nilichapa 6139. Ndiyo iliyokuwa juu Jumanne. Binti yangu aliichana hiyo, akatia pesa zako zote. Iko wapi 6139?"

Bi. Szeto alikwenda kaunta, akafungua droo, akarudi na pakiti. Aliigeuza chini juu. Bahasha ya mwisho ilikuwa 6198. Baada yake palikuwa na ukingo uliochanika.

"Imechanwa kwa chini," Bi. Szeto akasema. "Keshia huchana juu. Nani husimama karibu na droo ile?"

Ting aliketi. "Ni Lo," alisema polepole. "Nilikuwa nakwenda kumletea chai."

Bwana Mok aliinua simu, akaiita kampuni ya ubebaji. Walikagua maduka mengine mawili, wakakuta pakiti zimechanwa kwa chini vilevile. Ndani ya kabati la Lo walikuta bahasha tupu tatu. Lo alikiri siku hiyohiyo.

Mzee Poon alimgeukia binti yake, pale pale, mbele ya Bwana Mok. Sisi hatujazoea wazazi kuomba radhi. Yeye aliomba.

"Niliamini plastiki kuliko wewe," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Ting alilia sana. Hakusema amesamehe. Alishika mkono wa baba yake tu, hakuuachia.

Kesho yake Bwana Mok alileta sanduku la keki na kumwomba Ting arudi kazini. Ting alilirudisha sanduku.

"Ulinifukuza mbele ya watu, Bosi. Radhi nayo ije mbele ya watu."

Bwana Mok alikubali. Jumapili, duka likiwa limejaa, alisimama kaunta na kusema kwa sauti kwamba Poon Yuk-ting hakuiba hata senti. Muuza samaki alikuwepo, akasikia. Ting aliinama kwa heshima, akatoka. Hakurudi kwenye kazi ile. Alikwenda kwenye karakana ya baba yake.

Miezi miwili walitengeneza bahasha upya, na Bi. Szeto akawa mjaribu. Aliziweka kwenye friza, akaziweka juu ya mvuke wa birika, akachezea kingo kwa wembe. Walipokuta gundi inaachia kwa baridi, walibadilisha gundi. Kingo nazo waliziwekea mistari midogo ya maandishi, ili aliyekata na kuunganisha aonekane.

Ting alileta wazo la kipande cha kuchanwa. Namba ya bahasha inachapwa mara mbili, juu ya bahasha na juu ya kipande hicho. Keshia anabaki na kipande, na mbebaji anakitia sahihi kabla ya kushika bahasha. Benki nayo husomewa namba kwa simu kabla bahasha haijafika. Bahasha iliyoharibika haitupwi. Inakatwa pembe na kuhifadhiwa, ili hesabu ya pakiti itimie.

Siku ya kuchapa, kigurudumu kilifika tatu. Mkono wa Mzee Poon ulikwenda wenyewe kwenye bisibisi.

"Baba," Ting akasema. "Iache ipite."

Nne ikapita. Baada yake ikaja tano, kama kawaida.

Wateja wawili walihama. Mmoja alifoka, "Unaniandikia kifo juu ya pesa zangu?"

"Naandika namba," Mzee Poon akamjibu. "Kifo nimekiona kwenye uso wa binti yangu, na namba zangu hazikuwa na nne hata moja."

Wengi walibaki. Baadaye benki ya zamani ya Bi. Szeto nayo ilianza kuwapelekea wateja wenye maduka.

Mwaka uliofuata Bi. Szeto alikuja karakana akiwa na habari. Alikuwa amezisikia kwa wenzake wa zamani pale kaunta. Duka moja la viatu lilipeleka bahasha, ikafika pungufu, nayo nzima. Namba yake haikulingana na iliyosomwa kwa simu. Walitazama kipande cha keshia, wakaona sahihi, wakamwita mbebaji. Saa moja haikupita, pesa zilipatikana.

"Na keshia?" Ting akauliza upesi. "Walimfanya nini?"

"Hawakumfanya kitu. Alikuwa anauza viatu. Alitoa kipande, akaendelea na kazi."

"Anaitwa nani?"

Bi. Szeto alifikiri kidogo, kisha akatikisa kichwa.

"Sijui. Hakuna aliyehitaji kuuliza jina lake."