Fungu la Mbegu Juu ya Jiko

Kila asubuhi Baba Peilian aliwasha moto kabla hajanawa uso. Alipuliza makaa, akateleka sufuria, kisha akainua macho juu ya jiko. Hapo, kwenye fito nyeusi kwa moshi, lilining'inia fungu moja la masuke ya mpunga. Mkewe alilifunga kwa mikono yake katika mavuno yake ya mwisho. Tangu azikwe, miaka kadhaa sasa, hakuna mtu aliyeligusa.

"Lipo," alijisemea Baba Peilian. Ndipo akala.

Alikula wali wa mbegu ya dukani na kipande cha samaki wa kuchachushwa kwa chumvi mtungini. Wali ule haukunata. Watu wa Gaolun, kijiji chao cha mlimani, wamezoea wali wa kunata, wa kufinyangwa mkononi na kubebwa shambani ndani ya kijikapu. Huu wa dukani ulimwagika vidoleni kama mchanga.

"Chakula cha kuku," alinung'unika. Lakini alikula. Tumbo halina kiburi.

Mavuno yaliyopita, hata huo mpunga wa kuku uligoma. Masuke yalitoka mazuri. Kisha shingo zake zikawa nyeusi, zikakatika. Punje zilikuwa makapi matupu, jaruba baada ya jaruba, bonde zima. Vijana wengi walikwenda mijini kutafuta vibarua viwandani. Peilian, mwanawe wa pekee, alikuwa ameshatangulia huko mijini.

Asubuhi moja, baridi ikianza kupungua, Mama Dengfa alisukuma mlango. Alikuwa jirani, tena shoga wa marehemu.

"Shemeji, unapika au unachoma viatu? Moshi wako umefika kwangu."

"Kama umekuja kula, kula. Kama umekuja kusema, sema."

"Bibi shamba anapanda kuja huku na mtu wa kampuni ya mbegu. Wanatafuta mpunga wa zamani. Nimewaambia uko kwako."

Baba Peilian aliweka bakuli chini. "Mdomo wako hauna mlango."

"Mlango upo, shemeji. Komeo ndilo limeoza."

Hakucheka. Aliutazama mpunga wa mkewe, akainuka akasimama chini yake kama mlinzi.

Alikuwa na sababu. Alipokuwa kijana, wakuu wa wilaya walikuja na vipaza sauti. Walisema mpunga wa kunata ni uvivu, unazaa kidogo, unachelewesha nchi. Waliamuru ung'olewe, upandwe mpunga mfupi wa serikali. Kila nyumba ing'oe wa kwake. Wazee walilia majarubani. Asiyeng'oa alisimamishwa mbele ya watu, akatukanwa. Mama Peilian, mkewe, alificha mbegu. Aliipanda katika jaruba la juu kabisa, penye chemchemi ya maji baridi. Viatu vizuri vya wakuu havikufika huko. Mwaka baada ya mwaka alipanda, akavuna, akachagua masuke, akafunga fungu.

Sasa watoto wa wakuu wale wanakuja kuomba walichong'oa baba zao.

Wageni walifika wakitweta. Bibi shamba aliitwa Suyin, mwanamke wa makamo, binti wa bonde la jirani. Mwenzake, Bwana Luo wa kampuni, viatu vyake vilijaa matope. Baba Peilian aliwapikia chai ya mafuta, ya majani yaliyokaangwa, maana hata usiyempenda humwachi na koo kavu. Wakanywa bakuli la kwanza.

"Baba," alisema Suyin, "tumesikia una mpunga wa mlima."

"Mliung'oa."

"Ndiyo. Waling'oa. Walikosea."

"Kukosea ni kutia chumvi mara mbili," alisema Baba Peilian. "Lile lilikuwa jambo jingine."

Suyin aliinamisha kichwa.

Baba Peilian akamgeukia Bwana Luo. "Na wewe ndiye uliyetuuzia mpunga wa kukatika shingo?"

"Ulikuwa wetu, mzee. Miaka ya mwanzo uliushinda ugonjwa. Sasa ugonjwa umejifunza."

"Ugonjwa umekwenda shule?"

Mama Dengfa, aliyejikalisha pembeni bila kualikwa, alicheka. Suyin akaeleza. "Fikiria mwizi, Baba. Akijua kufungua komeo moja, na nyumba zote za bonde zina komeo hilo hilo, ataiba kila nyumba. Sisi tumepanda aina moja bonde zima. Ugonjwa umelijua komeo letu. Mipunga ya zamani ina makomeo mengine. Tukiyapata, tunaweza kuyatia kwenye mipunga mipya."

"Na tangu lini serikali na wafanyabiashara wakala sahani moja?"

"Hawali sahani moja. Wameteleka chungu kimoja. Kituo chetu cha utafiti ni cha serikali. Kina wataalamu na chumba baridi cha kutunzia mbegu. Lakini fedha hazitoshi, na kazi hii huchukua miaka mingi. Kampuni ina fedha na mashamba ya kuzalishia mbegu. Lakini haina mbegu za zamani, wala haina ruhusa ya kujichukulia tu. Nyinyi mna mbegu, na mnaujua mlima huu. Kila mmoja ana figa moja. Chungu hakikai juu ya figa moja."

Baba Peilian alichochea moto. "Nimesikia. Na chakula kikiiva, nani anapakua?"

Suyin alimtazama Bwana Luo. Bwana Luo alitazama bakuli lake.

"Basi mkalijue hilo kwanza," alisema Baba Peilian. Akasimama. Chai ilikuwa imekwisha.

Mlangoni, Suyin aligeuka. "Fungu silitaki leo, Baba. Naomba uangalie tu kama mbegu ziko hai."

"Zimekauka vizuri. Moshi unafukuza wadudu. Ndivyo wake zetu wanavyotunza tangu zamani."

"Kweli. Mama Peilian alikuwa akiziacha hapo mpaka lini?"

"Mpaka msimu wa kupanda. Kila mwaka alizishusha, akapanda, akaning'iniza mpya."

Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka.

"Mbegu inapumua, Baba, polepole sana," alisema Suyin kwa upole. "Joto la jiko linaichosha. Mwaka mmoja huvumilia. Ikiachwa hapo miaka, hufa na ganda lake likabaki zuri vilevile. Kwa macho huwezi kujua. Chukua punje hamsini kutoka masuke mbalimbali. Zipange juu ya kitambaa chenye unyevu, ukikunje, ukiweke mahali pa uvuguvugu. Kisikauke, wala kisielee majini. Baada ya wiki kifungue."

Baba Peilian alifunga mlango. Alikaa siku nzima bila kuligusa fungu. Kesho yake alipanda juu ya kigoda, akalishusha. Vumbi la moshi lilimwangukia machoni. Alitaka kumwonyesha bibi shamba yule kwamba mkewe hakuwa mjinga. Alipanga punje hamsini juu ya kitambaa, akakikunja, akakiweka karibu na jiko. Kila asubuhi alikinyunyizia maji.

Wiki ilipokwisha alikifungua. Punje nyingi zilikuwa zimelainika, zinanuka uvundo. Nne tu zilikuwa zimetoa mkia mweupe.

Alizihesabu tena. Zilikuwa nne.

Mama Dengfa alimkuta amekaa sakafuni, moto umezimika. Aliona kitambaa, akaelewa. Aliketi kando yake. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Nilikuwa namtunzia," alisema Baba Peilian.

"Najua, shemeji."

"Kila nikienda kaburini namwambia, mpunga wako upo. Ningejua, ningepanda. Sikutaka mkono mwingine uguse fundo lake."

Mama Dengfa alifuta macho kwa upindo wa nguo. "Marehemu hakuficha mbegu ile ili itazamwe. Aliificha ili iliwe. Wewe mwenyewe uliila."

Alinyanyuka, akawasha moto.

Alasiri hiyo Baba Peilian alizichukua zile punje nne. Alijaza udongo kwenye karai kuukuu, akazipanda, akaliweka karai barazani penye jua. Kisha akamtuma Mama Dengfa amwite bibi shamba. "Lakini mwambie tutazungumza chini ya mnara wa ngoma, pale kijiji kinapokutania, mbele ya watu wote. Ya chumbani nimeyachoka."

Watu wa Gaolun walikusanyika chini ya mnara, wakauzunguka moto. Baba Peilian hakuwa msemaji. Alisimama na fungu mkononi.

"Mimi sikusoma," alisema. "Najua tu kwamba kila aliyekuja hapa na kalamu aliondoka na kitu. Safari hii semeni wazi. Moja: mbegu ikifufuka, irudi Gaolun kwanza, kabla ya kwenda kokote. Mbili: mtu yeyote asije kutukataza kutunza mbegu yetu, kuipanda tena, wala kumpa jirani. Tatu: mkizaa mpunga mpya kutokana na huu mkauuza, kijiji kipate fungu lake. Mfereji wetu wa maji umebomoka."

"Na jina," alidakia Mama Dengfa. "Ujulikane umetoka kwa nani."

Bwana Luo alitoka nje na simu. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema, "Wakubwa wangu wamekubali la kwanza, la pili na jina. La tatu wanasema ni zito."

"Basi nasi fungu letu ni zito," alisema mzee mmoja. "Haliteremki mlima."

Watu wakaguna kumuunga mkono. Bwana Luo alitoka tena. Aliporudi safari hii, alikubali.

"Nani atasimamia?" aliuliza Baba Peilian.

"Kituo," alijibu Suyin. "Maneno haya yataandikwa na kugongwa mihuri ya pande zote tatu, na nakala itabaki kwenu. Lakini sitakupaka asali, Baba. Mpunga mpya huchukua miaka. Huenda usipatikane. Fedha za mfereji zitakuja kama utapatikana. Ninachoweza kuahidi ni kupigania uhai wa hizi punje."

Baba Peilian alimsogezea kigoda karibu na moto. Katika maisha yake, huyu alikuwa wa kwanza kutoka ofisini akasema "huenda".

Hakumkabidhi mtu fungu lile. Alipanda gari mwenyewe, akalipakata kama mtoto mgonjwa, mpaka kituoni. Huko aliwaona mabinti waliovaa makoti meupe wakichambua punje moja moja. Walitoa maganda kwa uangalifu, wakazilaza kwenye vyombo vya kioo juu ya chakula laini kama uji ulioganda. Hapo hata punje dhaifu hupata nguvu ya kuchipua. Alionyeshwa pia chumba baridi. Mbegu za mabonde mengi zililala humo kwenye pakiti zilizofungwa zisiingie hewa.

"Humu hukaa miaka mingapi?" aliuliza.

"Makumi. Hata hivyo tunazipima kila baada ya muda, na zikianza kuchoka tunazipanda upya."

"Kumbe hata nyinyi lazima mpande."

"Lazima, Baba."

Gari la kituo lilirudi Gaolun na miche kabla mvua hazijashika. Haikuwa mingi, ilitosha kona ya jaruba la juu. Baba Peilian aliongeza na minne ya karai lake. Kisha akaachia vifaranga vya samaki majini, kama mkewe alivyokuwa akifanya.

Ugonjwa ulirudi mwaka huo. Majaruba ya chini yaliyopandwa mbegu ya dukani yalianza kuinamisha shingo nyeusi. Jaruba la juu lilisimama. Bwana Luo alipanda mlima kujionea, akakaa ukingoni akiwa amevua viatu, miguu majini. Suyin alisema miche mingine iko kituoni, imeanza kuchanganywa na mpunga unaozaa sana. "Ikifaulu, watakula watu usiowajua, Baba. Kuna milima mingine yenye maji baridi, nchi za mbali, na ugonjwa ni huu huu."

"Waambieni umetoka kwa Mama Peilian wa Gaolun," alisema.

Wanawake walivuna suke kwa suke, kwa visu vidogo vya kiganjani. Mama Dengfa alitumia kisu cha marehemu. Mbegu ikagawanywa: sehemu kituoni kwenye chumba baridi, sehemu kwa kila nyumba iliyotaka, na fungu moja juu ya jiko la Baba Peilian. Usiku ule walikula wali mchache wa kunata, bakuli la kwanza likiwekwa mbele ya kibao chenye jina la marehemu.

Wakuu wa zamani Baba Peilian hakuwasamehe. Mpunga mpya bado haujapatikana, na mfereji bado umebomoka; kila Suyin akipita humuuliza, naye humjibu alipofikia. Lakini msimu wa kupanda ulipofika tena, alipanda juu ya kigoda bila kuambiwa na mtu, akafungua fundo, akashusha fungu lote.

Mama Dengfa alichungulia mlangoni. "Shemeji, juu ya jiko patupu leo."

"Ndivyo alivyokuwa akipaacha yeye kila mwaka," alisema Baba Peilian. Akabeba kapu la mbegu, akaanza kupanda mlima.