Nilibadilisha Majina Kwenye Seva, Onchiri Akafutwa Kazi

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto wawili. Hadi majuzi nilikuwa fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Kisii. Kazi hiyo nilitafutiwa na Onchiri, rafiki yangu tangu chuoni, aliyekuwa fundi mkuu hapo. Na jinsi nilivyomlipa... hata sijui nianzie wapi!

Rekodi za wagonjwa wetu zilikaa katika kompyuta isiyoshikika kwa mkono, yaani programu inayoigiza kompyuta ndani ya seva. Ndani yake mna njia za kupitishia data, na njia mbili zilikuwa na jina moja. Liliniudhi jambo hilo! Kwetu Birongo tuko wajukuu watatu tuliopewa jina la nyanya, Kemunto, na ukiita mmoja tunaitika sote. Basi nilipokuwa nikiandaa seva mpya ya kuihamishia kompyuta ile, nikazipa njia zile majina mapya, kila moja lake. Sikumwambia mtu... nilijiona mjanja.

Siku ya kuhama, Onchiri ndiye aliyeketi kwenye kibodi. Ilibidi kompyuta ile itoke seva kuukuu bila kuzimwa, wagonjwa wakiwa kwenye foleni. Data ikaja na majina ya zamani. Seva mpya ikayatafuta, haikuyaona, ikakataa kila kitu! Tulipojaribu tena, seva kuukuu ikafa. Rekodi za asubuhi nzima zikapotea.

Nilijua papo hapo. Meneja alipouliza nani amegusa nini, nikaangalia sakafu... Onchiri akafutwa kazi wiki hiyo, na kiti chake nikapewa mimi.

Mnadhani nilikifurahia? Tawi letu la Nyamira lilikuwa na mashine kama ile, nayo ilisubiri kuhamishiwa kwenye seva ileile mpya. Nikirudisha majina ya zamani, itahama vizuri, na meneja ataniuliza nimebadilisha nini. Nisiporudisha, itaharibikia mikononi mwangu. Mwaka mzima nikabuni visingizio! Likizo sikuchukua, nikihofia mtu mwingine atafungua faili zenye majina yale. Hata kanisani siku ya Sabato nilikaa karibu na mlango, simu mkononi. Nilikuwa nimejifungia mwenyewe, ningemlilia nani?

Mwezi jana nikashindwa. Nikamfuata Onchiri Nyamarambe, anakouza mbegu na mbolea. Alinipokea kwa furaha! Kisha akatoa daftari. Kila hatua ya siku ile alikuwa ameiandika na kuipitia hadi karatasi zikachakaa.

"Kemunto, nisaidie," akasema. "Nilikosea wapi? Mimi sioni."

Nikamwambia yote, machozi yakinitoka. Hakunitukana. Akamwita mkewe aliyekuwa nyuma ya duka.

"Mama Faith, kuja hapa usikie." Akanigeukia. "Rudia. Huyu ananiitanga mzembe tangu siku hiyo."

Nikarudia mbele ya mkewe... na Jumatatu nikarudia mbele ya meneja. Sasa sina kazi. Onchiri alipigiwa simu arudi, akakataa. Alisema kila akikaribia kibodi anaikumbuka siku ile.

Wasomaji wenzangu, ningeliacha jina la zamani na kuweka alama nyingine kando yake, hakuna ambaye angeliumia. Na hata baada ya kukosea, ningelisema asubuhi ileile, tungelicheka pamoja jioni! Nawasihi, ukiharibu kitu na mwenzako akaulizwa, fungua mdomo hapo hapo. Mimi nilichelewa mwaka mmoja tu, na fundi bora niliyewahi kumjua anapima mbolea.