Mgeni wa Kiti

Pikipiki ya TVS, nyekundu, ilikata kona ya soko la Kasongo bila kupunguza mwendo. Mbuzi waliruka. Wauza mihogo walitukana. Faradji, nyuma yake kwenye pikipiki ya pili, akala vumbi.

Vumbi lile alikuwa analila tangu Lusangi.

Mtu wa mbele alivaa helmeti nyeusi na hakuwa ameivua njia nzima, si kivukoni wala kwenye matope. Chini ya koti lake kulikuwa na dhahabu ya Salamabila. Dhahabu hiyo ilikuwa inakwenda kulipia bunduki, na bunduki zilikwisha kuvuka ziwa, zinangoja malipo tu. Zikilipwa, zitapanda hadi Kabambare, na wachimbaji wa Salamabila wataamka asubuhi moja wakiwa na mabwana wapya.

Faradji alifanya kazi katika ofisi isiyo na kibao mlangoni. Kazi yake ilikuwa kuzuia asubuhi kama hiyo.

Kona moja tena.

Njia tupu.

Aliikuta ile TVS imeegemezwa kwenye ukuta wa Hoteli Uungwana, helmeti na koti vimening'inia kwenye usukani. Mwenyewe hayupo. Faradji akainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akatoa ufunguo mdogo, akafungua buji, plagi ya kuwashia injini. Ilimchoma vidole. Akaitia mfukoni hivyo hivyo.

Thuraya, simu yake ya setilaiti, ikatetemeka kiunoni.

"Nyuki."

"Nakusikia, chef."

Alikuwa Laura, mkuu wake, kutoka Kindu, na Nyuki lilikuwa jina la kazi la Faradji. Hakuna aliyewahi kumsikia Laura akipandisha sauti, na ndiyo maana walimwogopa.

"Mutu yetu iko wapi?"

"Ameingia hoteli. Sura sijaiona."

"Basi tunafunga hoteli. Camion ya askari iko njiani. Watakamata wote."

"Wote nani, chef?"

"Wote wenye kukaa pale. Na mwenye nyumba."

Faradji aliwahi kuona nyumba iliyofungwa namna hiyo. Haikufunguka tena, na mwenyewe alirudi amenyamaza.

"Nipe mpaka alasiri."

"Alasiri. Kisha mimi sijui mutu pale."

Simu ikakatika.

Hoteli Uungwana ilikuwa na vyumba vichache na watu wengi. Jenereta ya Honda ilinguruma nyuma, sahani ya intaneti ilikaa juu ya bati, na kwenye veranda kulikuwa na ubao wa soketi uliojaa simu za nusu ya mji. Wengi wa waliokaa pale hawajawahi kulala pale hata usiku mmoja. Ilikuwa hivyo tangu zamani. Ukoo wa Mama Aziza ulikuwa unapokea wapita njia tangu enzi za misafara, na kwake mtu asiye na chumba hakuwa mwizi wa kivuli.

Alikuwa na adabu zake tu za kufuata.

"Hodi, Mama."

"Karibu, baba." Mama Aziza alikuwa mwanamke mnene, mwenye hina viganjani na jicho lisilopitwa na kitu. "Uko mugeni wa chumba ao mugeni wa kiti?"

"Wa kiti, Mama."

"Basi chai mbele, kisha courant ya simu. Mugeni wa chumba akifika, unamuachia fotei, ile kiti ya mito. Kupita ile rido, hapana, kule watu wanalala." Akaonyesha pazia la kuingilia vyumbani, akacheka. "Maji ya kutawadha iko nyuma ya lupango, ile ua ya mabanzi. Ile haina bei na haina maulizo. Hata ukiwa adui yangu, unatawadha."

"Hata adui?"

"Adui pia ana Mungu yake."

Faradji alikaa. Alihesabu nyuso kwa jicho la pembeni. Wauza nguo, mwalimu, madereva wawili wa pikipiki, vijana wanaotazama mpira kwenye simu moja. Wote wana vumbi jekundu. Bastola yake, Browning ya zamani, ilimkaa mgongoni kwa uzito, na hakuwa na wa kumwelekezea.

"Kaka, weka yako hapa." Mwanamume mchangamfu mwenye shati la maua alichomoa simu yake kwenye soketi akampisha. "Yangu inatosha sasa. Mimi naitwa Nestor. Ninauzishaka pagne, vitenge."

"Asante, ndugu."

"Hapa tunasaidiana. Ukikuwa mubaya, Mama anakufukuza na ufagio."

Veranda nzima ilicheka. Hata Faradji alicheka, na ilimuuma, kwa sababu alijua lori la askari liko njiani.

Pazia likafunguka. Akatoka mzungu mrefu, mgeni wa chumba namba nne, aliyesema amekuja kununua kahawa. Walimwita Bwana Brandt. Mwalimu aliinuka bila kuambiwa, akamwachia kiti cha mito. Brandt alimwamkia Mama Aziza vizuri, akafungua kompyuta yake. Hakumtazama mtu. Kisha akarudi chumbani, akisema atataka maji ya kuoga.

Adhana ya adhuhuri ikaita.

Watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja kwenda nyuma ya ua wa mabanzi. Nestor naye akaenda. Walirudi wakipita kwenye sementi, na sementi ilikuwa inaandika nyayo zao. Mguu mtupu wenye maji. Mwingine. Mwingine.

Kisha viatu.

Faradji akaacha kunywa chai.

Nestor alirudi uso umelowa na mikono imelowa hadi viwiko. Lakini raba zake zilikuwa zimefungwa kamba, na vumbi la Lusangi lilikuwa limelala juu yake bila hata tone. Mtu anaweza kupangusa juu ya soksi, dini inaruhusu, ila hata huyo huvua viatu. Tena wenzake walipita kwenda kwenye mikeka. Nestor alirudi kwenye kiti chake, akaomba chai nyingine.

Za mwizi ni arobaini, na huyu alikuwa amezimalizia miguuni.

Basi alipitisha nini huko nyuma, mahali pasipo maulizo?

Faradji aliinuka. Alimwendea Mama Aziza, na maneno yakamtoka vizuri mno, kwa sababu ndiyo kazi aliyofundishwa.

"Mama, naomba kutawadha."

Uso wa yule mama ulifunguka. Akamletea birika kwa mikono miwili.

"Utuombee na sisi, baba. Dunia imekuwa mubaya."

"Nitawaombea."

Hakuwa ameswali tangu alipomzika baba yake. Aliona aibu moja kwa moja, aibu ya kweli, na akaenda nayo nyuma ya ua.

Pale palikuwa na pipa la udhu, na kando yake bidoni za vyumba, madumu ya maji yenye mfuniko mpana, kila moja na namba yake kwa rangi. Ibrahim, mbeba maji wa hoteli, alizijaza pale na kuzipeleka mlangoni kwa wageni. Moja, mbili, tatu. Faradji aliinua namba nne.

Kitu kiligonga ukuta wa ndani.

Akatia mkono. Vifurushi viwili, vimefungwa plastiki na gundi nyeusi, vizito kuliko ukubwa wao. Basi ilikuwa rahisi hivyo. Mgeni wa kiti anaweka, Ibrahim anabeba asijue, mgeni wa chumba anapokea mlangoni. Hawa wawili hawahitaji hata kusalimiana. Na siku wakikamatwa, atakayeonekana amebeba dhahabu ni mtu wa Mama Aziza.

Alivifunga vifurushi tumboni chini ya shati. Kisha akavua viatu na kuosha miguu, kwa sababu Nestor naye ana macho. Maji yalikuwa baridi. Mikono ilikumbuka mpangilio wenyewe, kulia kisha kushoto, na kwa muda kidogo Faradji alitamani awe amekuja kwa ajili ya hayo tu.

Thuraya.

"Chef, dhahabu ninayo. Ilikuwa inakwenda kwa muzungu wa chumba namba nne. Simamisha askari."

"Haitoshi. Ninataka muzungu."

"Utamupata. Nje ya lupango, si ndani."

"Camion imeingia mujini, Nyuki."

Alirudi kitini akiacha nyayo za maji. Ibrahim alipita na bidoni namba nne begani, akaingia nyuma ya pazia.

Faradji akangoja. Chai ikapoa.

Pazia lilifunguka kwa nguvu. Brandt alitoka na shati limelowa kifuani. Alimpita Mama Aziza bila kumsalimu, yeye aliyekuwa anamsalimu kila mara, akaenda moja kwa moja hadi kwa muuza pagne.

"Iko wapi?"

"Niliweka!" Nestor alisimama. "Naapa, niliweka!"

Veranda nzima iligeuza vichwa. Tangu lini hawa wanajuana?

Hata wao waliliona swali hilo kwenye nyuso za watu. Brandt alimshika Nestor mkono, wakatoka getini haraka. Faradji aliweka kikombe chini taratibu, akawafuata.

Nje, Nestor alikuwa juu ya TVS. Kiki moja. Mbili. Injini ilikohoa hewa.

"Unatafuta hii?"

Faradji alisimama katikati ya njia, buji kati ya vidole viwili. Mkono wa pili ulikuwa na Browning.

Brandt alipeleka mkono kiunoni. Risasi moja ilipiga udongo mbele ya kiatu chake, na bastola aliyokuwa ameishika ikaanguka yenyewe.

"Ingine sitapiga udongo," Faradji alisema.

Lori la askari likatokea kwenye kona. Sajini aliruka chini, akawafunga wawili wale, kisha akageukia geti na watu wake.

"Chef," Faradji alisema kwenye Thuraya, "nina muzungu, nina mubebaji, nina dhahabu. Hoteli?"

Sajini aliweka mkono kwenye geti.

"Muachie hoteli. Nipe sajini."

Askari walirudi kwenye lori. Bunduki zile hazitalipwa. Faradji akavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu Lusangi.

Akageuka. Mama Aziza alikuwa amesimama getini, na birika mkononi.

"Yule alinidanganya juu ya maji," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe?"

Faradji alikuwa na majibu mengi. Alikuwa amefundishwa majibu.

"Nilikuomba utuombee. Ulituombea?"

"Hapana, Mama."

Mama Aziza alitikisa kichwa polepole. Hakupiga kelele, na Faradji angependa apige.

"Nyumba yako iko salama," Faradji akasema.

"Nyumba, ndiyo."

Aliingiza mkono mfukoni kulipia chai. Mama Aziza akauzuia mkono ule.

"Chai inalipwaka na mugeni. Wewe sijui uko mugeni wa nini."

Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Faradji alilikumbuka neno hilo akielekea kwenye pikipiki yake, na halikumsaidia.

Mtu mmoja alikuwa anakuja na njia ya Kabambare, akisukuma baiskeli iliyolemewa na bidoni za mawese. Vumbi lilimfika magotini. Alisimamisha baiskeli getini, akavua kofia.

"Hodi, Mama. Ninaomba maji ya kutawadha."

Mama Aziza alimtazama miguu. Kisha akazitazama bidoni, moja moja. Birika lilibaki kifuani pake.

"Unatoka wapi?" aliuliza. "Onyesha karte ya kitambulisho."

Mtu yule alicheka kidogo, akidhani ni utani. Alipoona si utani, akaanza kupekua mifuko.

Faradji alivaa miwani yake ya jua. Akapiga kiki mara moja, injini ikaitika, akaondoka polepole bila kugeuka. Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza, na mtu wa baiskeli alikuwa bado anapekua mifuko.